Marehemu Mlangoni pa Sauna

Wiki iliyopita mliniacha jikoni kwa mama, nimeshika birika la kahawa, na Bi Hilja, jirani yetu, ametandaza mezani gazeti la hadithi za kutisha. Kurasa zilikuwa wazi mahali penye hadithi yangu.

Kwa ambaye hakuwepo, nieleze kwa ufupi. Naitwa Irja Vaarala, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha Kivilampi, kaskazini ya Ufini. Mwaka ni wa sabini na nane, mwezi ni Juni. Watu wetu ni walokole wenye msimamo mkali: hawaweki televisheni nyumbani, hawaendi sinema, hawajipaki rangi mdomoni, na vitabu vyao ni Biblia na mahubiri. Mimi nilikuwa naandika hadithi za kutisha kwa siri, kwa jina la kiume, V. Halla.

Hadithi iliyokuwa mezani ilimhusu mkulima aliyenunua televisheni. Wazee wa nyumba ya sala walimwita mkutanoni wakamfunga katika dhambi zake, yaani wakatangaza kwamba hasamehewi, naye akafa kabla ya kufunguliwa. Tangu hapo, kila Jumamosi, watu wakimaliza kuoga humkuta amekaa mlangoni pa sauna, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke, akiwa na suti aliyozikwa nayo. Humwuliza kila mmoja swali moja tu: "Naruhusiwa kuamini?"

Kwetu hilo ndilo swali la anayeomba msamaha. Aliyeulizwa humkumbatia shingoni na kujibu: "Amini. Dhambi zako zote zimesamehewa katika jina na damu ya Yesu." Mwanamume anaweza kulisema jibu hilo, mwanamke anaweza, hata mtoto. Lakini aliyefungwa na mkutano hajibiwi na mtu mpaka mkutano wenyewe umfungue.

Katika hadithi yangu hakuna aliyemjibu. Kila aliyempita kimya alijiona bado mchafu, akarudi ndani kuoga tena. Akitoka, anamkuta. Anarudi. Mwishoni kijiji kizima kilikuwa ndani ya sauna, kikijisugua mpaka ngozi ikaachana na nyama.

Kijijini hakuna aliyehitaji kuambiwa mkulima huyo ni nani. Televisheni ya kwanza Kivilampi ilinunuliwa na baba yangu, Iivari. Alifungwa. Akafa amefungwa.

Sasa tuendelee.

"Sikuisoma," Bi Hilja alisema. "Niliitazama tu."

"Uliitazama mpaka mwisho?" nilimuuliza.

"Mpaka mwisho. Nilikuwa natafuta mahali pa kuachia, sikupaona."

"Na mimi nahusikaje? Mwandishi ni V. Halla."

"Huyo Halla ameandika kwamba sauna ina kitasa cha pembe ya kulungu na ubao wa juu umepasuka. Nimeoga kwenye sauna hiyo tangu sijaota meno ya ukubwani. Yeye Halla aliwahi kuoga hapa lini? Lempi, umewahi kumkaribisha Halla?"

Mama alikuwa kwenye karo, ametupa mgongo, anafuta vikombe. Hakugeuka.

"Soma," alisema.

"Lempi, mimi sisomi vitu kama hivi."

"Umeshatazama. Sasa tazama kwa sauti."

Bi Hilja alivaa miwani yake kwa haraka isiyolingana na huzuni iliyokuwa usoni mwake. Alisoma vizuri. Alibadilisha hata sauti. Nilisimama na birika langu nikimsikiliza mwanamke ambaye hajawahi kusoma riwaya akisoma yangu, na naona aibu kusema kwamba kwa dakika kadhaa nilifurahi.

Alifika pale ambapo mkulima yupo kitandani, moyo unamsumbua, na anamgeukia mkewe: "Naruhusiwa kuamini?" Mke anamjibu: "Subiri ndugu yako aje." Kisha mke anakwenda dirishani kutazama barabara. Anapogeuka, mumewe ameshakata roho.

Mama alikichukua kikombe alichokwisha kukikausha, akakirudisha majini, akaanza kukiosha upya.

"Inatosha, Hilja."

"Bado kidogo tu, hapa ndipo wanapoanza kuchubuka—"

"Nimesema inatosha."

Bi Hilja alikunja gazeti, akalitia mkobani. "Jumapili mhubiri Nestori atataka kuliona," alisema. Alipofika mlangoni alimgeukia mama. "Kaa katika amani ya Mungu, Lempi." Kisha akanitazama mimi. "Kwaheri, Irja."

Mgeni asingeona kitu hapo. Kwetu, anayeamini huagwa kwa amani ya Mungu. Kwaheri huambiwa mpita njia.

Mlango ulipofungwa nilikuwa tayari kwa matusi. Nilikuwa nimeandaa utetezi wangu kwa mpangilio, kama mwalimu aandaavyo somo. Mama hakuugusa utetezi wangu.

"Nani alikuambia?"

"Aliniambia nini, mama?"

"Kwamba aliniuliza."

Niliweka birika chini.

"Hakuna aliyeniambia. Nilitunga."

"Usinifanyie mzaha, Irja. Chumbani tulikuwa wawili. Wewe ulikuwa chuoni Oulu. Daktari alikuwa hajafika. Tangu siku ile sijamwambia mtu. Hata Mungu sijamwambia, maana anajua."

"Nilitunga, mama. Nilijiuliza ni jambo gani baya kuliko yote linaloweza kumpata mtu, nikaliandika."

"Basi ndilo hilo lililonipata."

Aliketi. Mikono yake ilikuwa bado inadondosha maji sakafuni, yeye ambaye hakuvumilia tone.

"Maneno ni yale yale," alisema. "'Subiri ndugu yako aje.' Umeandika hata dirisha. Nilikwenda dirishani, Irja. Nilikwenda kweli."

Chuoni niliwahi kuulizwa na msichana niliyekaa naye chumba kimoja kwa nini siandiki mapenzi kama watu wengine. Nilimjibu kwamba mapenzi siyajui, ila kutishwa nakujua tangu nikiwa na ulimi wa kitoto. Kwetu moto wa milele ulielezwa kila Jumapili kwa utulivu, kama mtu aelezavyo njia ya kwenda dukani. Nilijua joto lake, nilijua giza lake, nilijua nani wa kijijini ameshafika huko. Yaliyotupata nyumbani kwetu sikuweza kuyaandika kama habari za nyumbani kwetu. Kila nilipojaribu, mkono uligoma. Nilipompa baba suti ya mazishi na kumketisha mlangoni pa sauna, mkono ulikwenda wenyewe. Nilidhani nimepata mahali salama pa kuyaweka.

"Amekujia," mama alisema.

"Hajanijia."

"Amekujia wewe kwa kuwa hukuwepo. Mimi nilikuwepo, ndiyo maana hanijii."

"Mama, baba amekufa."

"Najua amekufa. Nilimvalisha mimi."

Nilimweleza kwa kila namna. Nilimwonyesha jinsi hadithi inavyotungwa: unachukua hofu, unaipa mwili, unaipa mlango wa kuingilia. Alinisikiliza kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kudanganya. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Alikuwa na baridi?"

Jumamosi ilifika. Mama alipasha sauna kama kawaida, tukaoga kama kawaida, kwa zamu kama kawaida. Mimi kwanza, yeye baadaye. Jua la Juni halizami kwetu, na saa hiyo ya jioni lilikuwa bado limekaa juu ya misonobari kama la saa tisa. Nilikuwa nimekaa ngazini pa nyumba nikikausha nywele na kufukuza mbu.

Mlango wa sauna ulifunguka. Mama alitoka amejifunga taulo, mvuke ukimfuata. Hakuja nyumbani. Aliketi kizingitini, mahali palepale nilipomketisha marehemu, akasogea upande mmoja, kama anayempisha mtu nafasi ya kukaa.

"Amini, Iivari," alisema.

Alisubiri. Mbu walimtua mabegani, hakuwagusa.

"Nimesema amini. Zote zimesamehewa. Hata ile ya dirishani, lakini hiyo ni yangu."

Alisubiri tena. Kisha alitikisa kichwa kama aliyekataliwa, akainuka, akaingia ndani. Nilisikia maji yakimwagwa kwenye mawe ya moto. Nilisikia brashi.

Alitoka. Akakaa. "Amini, Iivari." Akarudi ndani.

Nilifika mlangoni akiwa ameingia kwa mara nyingine. Nilivuta kitasa kile cha pembe. Joto lilinipiga usoni. Mama alikuwa amesimama katikati ya mvuke akijisugua mkono kwa brashi ya sakafu, na mkono ulikuwa mwekundu kama nyama buchani.

"Mama! Acha!"

"Bado," alisema kwa upole. "Wewe ndiye uliyeandika. Mtu asipomjibu hatakati."

"Umemjibu! Nimekusikia umemjibu!"

"Ameshafungwa na mkutano. Jibu langu halitoshi. Ndiyo maana haji."

Nilimnyang'anya brashi. Nilimfunga taulo, nikamtoa nje, nikamketisha kitandani, nikampaka mafuta ya maziwa mikononi. Mara nyingi nilikuwa nimemtisha msomaji nisiyemjua na kulala usingizi mzuri. Safari hii msomaji alikuwa na mikono ya mama yangu. Sasa mjue kilichokuwa hatarini: kama nisingepata njia ya kuitoa hadithi ile ndani ya mama, Jumamosi ijayo angeingia sauna na asitoke.

Jumapili mkutano uliitishwa baada ya ibada.

Nyumba ya sala ilinukia kahawa na mikate ya iliki. Vitoto vililala nje kwenye vigari vyao. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto, na mezani mbele alikaa Baba Mkubwa Nestori, kaka yake baba, mhubiri wetu. Ana viganja vipana na sauti ya kubembeleza. Ndiye aliyenifundisha kuteleza kwenye theluji; nilipoanguka hakunicheka hata mara moja. Ndiye pia aliyekalia kiti hichohicho siku baba yangu alipofungwa.

Gazeti lilikuwa mbele yake, limefunikwa kwa leso, maana kwenye jalada palikuwa na fuvu.

"Irja, mwanangu," alianza, "hapa hakuna anayekuchukia."

Waliozaliwa kwetu wanajua kwamba ukisikia sentensi hiyo, shika benchi.

"Hiki kitu umekiandika wewe?"

"Nimekiandika mimi, Baba Mkubwa."

"Vizuri. Hujakataa. Basi swali ni dogo tu. Ni kweli au ni uongo?"

"Ni hadithi."

"Nimekusikia. Hiyo hadithi sasa, ni kweli au ni uongo?"

"Si kweli na si uongo."

"Kumbe kuna cha tatu," sauti ilisema kutoka upande wa wanaume. "Hebu mwalimu atufundishe, sisi tuliishia darasa la nne." Watu walicheka.

"Kipo cha tatu," nilisema. "Mwana mpotevu alikuwa mwana wa nani? Baba yake aliitwa nani? Kijiji chao ni kipi? Hakuna ajuaye, kwa sababu hawakuwepo. Yesu aliwatunga. Alidanganya?"

Kicheko kilikatika.

"Mungu wangu," Bi Hilja alinong'ona, na mnong'ono wake ulifika hadi jikoni. "Amemwita Yesu mtunzi."

Baba Mkubwa aliinua kiganja. "Yesu hakupeleka ya kwake kwenye gazeti lenye fuvu, mwanangu."

Walicheka tena, nami nusura nicheke. Hilo ndilo jambo gumu kuwaeleza wageni: watu wanaokufunga ni watu wanaokuchekesha, wanaokuletea supu ukiugua, wanaojua ulivyolia ulipozaliwa.

"Tusipoteze muda," aliendelea. "Sisi ni watu rahisi. Kilichopo ni kweli, kisichopo ni uongo. Kama ndugu yangu Iivari hajaketi mlangoni mwenu, basi umeandika uongo juu ya marehemu na juu ya wazee wako. Sema ni uongo. Omba msamaha wa uongo. Tutakusamehe hapahapa, kahawa haijapoa. Unataka nini zaidi ya hapo?"

Hapa nitasema jambo ambalo marafiki zangu wa mjini hawalielewi. Nilitaka. Nilitaka sana. Ukishakulia kwetu, mwili wako wote unajua ladha ya msamaha ule: unauliza swali, mikono inakuzunguka shingoni, mtu anakulilia sikioni, na mzigo unashuka. Nilikuwa na digrii, nilikuwa na jina la siri, na shingo yangu ilikuwa ikiwasubiri kama shingo ya ndama.

Tena kulikuwa na sababu safi zaidi. Nikilisema neno lile mbele ya watu wote, mama angesikia kwa mkutano yale aliyokataa kuyasikia kwangu. Hakuna aliyekuja. Hakuna anayesubiri jibu. Brashi ingebaki brashi.

"Ni—" nilianza.

"Usiseme."

Mama alikuwa amesimama kwenye benchi la nyuma la wanawake. Alivaa gauni la mikono mirefu, Juni hiyo, na mikono ilikuwa imefungwa vifungo mpaka kiganjani.

"Shemeji, kaa," Baba Mkubwa alisema. "Zamu yako itafika."

"Nimekaa tangu alipozikwa, Nestori."



"Makaburini ulisema Iivari hakuomba," mama alisema. "Ulisimama pale na kofia yako mkononi, ukasema moyo ulikuwa mgumu hadi mwisho, tumwachie Mungu. Nami nilisimama kando yako nikanyamaza. Iivari aliomba."

"Lempi."

"Aliniuliza kitandani, mchana kweupe. 'Naruhusiwa kuamini?' Nikaenda kwenye simu, nikakupigia. Ulikuwa umetoka tu kuingiza majani ghalani, ulikuwa unahema. Ulinijibu nini?"

Baba Mkubwa aliyatazama maji yaliyokuwa kwenye jagi.

"Mwambie Irja. Yeye ni mwalimu, anapenda maneno halisi."

"Nilisema," alijibu polepole, "kwamba hilo ni jambo la mkutano. Kwamba peke yangu siwezi."

"Nami nikarudi chumbani nikamwambia asubiri ndugu yake aje. Nikaenda dirishani. Iivari alikuwa mtu wa kusubiri, mnamjua. Lakini siku ile hakuweza."

Upande wa wanawake mtu alianza kulia kwa kwikwi. Kwenye benchi la mbele Bi Hilja alikuwa amevua miwani yake.

"Sasa sikilizeni," mama alisema. "Mambo hayo tuliyajua mimi na wewe tu, Nestori. Mimi sikumwambia huyu mtoto. Wewe ulimwambia?"

"Hapana."

"Naye ameyaandika neno kwa neno. Basi ameyapata wapi? Ameambiwa na mwenyewe. Iivari bado anauliza. Na anayeuliza anaweza kujibiwa. Mkutano mlimfunga, mkutano mfungueni. Sitaki kingine. Semeni neno lile nimpelekee."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani nimemtisha mama. Sivyo. Kwa muda wote uliopita tangu mazishi aliishi na mume aliyekwisha kuhukumiwa, mlango umefungwa, hakuna la kufanya. Mimi nikaandika maiti mwenye suti, aketiye kizingitini akiomba. Maiti yule hakuwa kitisho kwake. Alikuwa habari njema ya kwanza aliyowahi kuletewa.

"Wafu hawasamehewi, Lempi," mzee mmoja alisema kutoka upande wa wanaume. "Unajua mafundisho."

"Nayajua. Basi aliyekufa anakuja kufanya nini?"

Watu walianza kuzungumza wote kwa pamoja. Baba Mkubwa aligonga meza kwa kifundo cha kidole, kidogo tu, wakanyamaza.

"Irja," alisema. "Sasa si kwa ajili ya gazeti. Ni kwa ajili ya mama yako. Ukisema umetunga, basi mama amepotoshwa na maandishi, na kosa la kupotoshwa ni dogo. Tutawasamehe wote wawili leo, mtakwenda nyumbani na amani ya Mungu. Ukisema alikuja kweli, mmezungumza na wafu. Hilo silo langu kulipunguza. Nitawafunga wote wawili, hapa, sasa hivi." Alivuta pumzi. "Alikuja, au hakuja?"

Nilimtazama mama. Hakunitolea macho ya kuomba. Alikuwa amelegea kidogo, kama mtu aliyeshika mlango wazi kwa ajili ya mwingine na mkono umeanza kuchoka. Kitambaa cha gauni kilikuwa kimeganda kwenye mkono, pale kidonda kilipotoa maji.

Neno "uongo" lingemponya mama na sauna ya Jumamosi. Lingeniponya na mimi pia: mikono shingoni, kahawa, amani ya Mungu mlangoni. Na baba angefungiwa milele, safari hii na mimi, mbele ya mashahidi, kwa sauti yangu ya darasani.

Ninakiri kwenu ninyi msionijua: katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kusema uongo ndani ya nyumba ile. Hata utotoni. Niliogopa paa lingeniangukia.

"Alikuja," nilisema.

Benchi zote zililia kwa pamoja, watu wakigeuka. Mtoto alianza kulia nje. Mama alifumba macho, na pumzi iliyomtoka ilikuwa ndefu mno, nikajua ilikuwa imekaa ndani tangu siku ile ya dirisha.

"Nimesema alikuja," nilirudia. "Amekaa mlangoni. Anauliza."

Nilinyoosha mgongo nikasubiri hukumu. Maneno yake nayajua kwa moyo; niliyasikia yakisemwa juu ya baba yangu, nikayaandika, nikalipwa kwa kuyaandika. Mkutano mzima uliyasubiri pamoja nami. Katibu wa mkutano alikuwa ameshasimama.

Baba Mkubwa hakuyasema.

Alikuwa amekaa vilevile, viganja mezani, ila rangi ilikuwa imemtoka kuanzia paji la uso kushuka chini, kama maziwa yanavyoshuka kwenye glasi. Aliiondoa leso juu ya gazeti. Alilitazama fuvu. Akalifunika tena, akapapasa pembe za leso zikae sawa.

"Nestori," katibu alisema. "Tunakusubiri."

Hakumsikia. Aliinuka, akazunguka meza, akanijia. Watu waliokaa kwenye benchi la mbele waliondoa miguu wampishe. Alisimama karibu nami kuliko mhubiri anavyosimama, na aliponena haikuwa sauti ya mezani tena. Ilikuwa ile sauti ya mlimani, ya mtu anayemwinua mtoto kutoka kwenye theluji na kumkung'uta mgongo.

"Irja," alisema. "Alinitaja?"

Chumba kizima kilisikia.

"Mwanangu, niambie tu. Alipouliza. Alinitaja mimi?"

Niliona, wazi kama ninavyoona ukurasa, kwamba nikisema ndiyo mzee huyu hatatakata tena mpaka afe. Nikisema hapana ndugu yake amemsahau, na hilo nalo litamuua, polepole zaidi. Vyovyote nitakavyojibu ataamini. Waliomfunga baba yangu walikuwa wamekaa kimya wakisubiri neno kutoka kinywani mwangu, kuanzia mhubiri hadi Bi Hilja.

Kwa mara ya kwanza nilielewa utamu wa kumfunga mtu.

Nikafungua kinywa.